Mtoto anaponyamaza ili asituumize



Jumatatu asubuhi ndiyo siku ya maumivu ya tumbo. Kila nyumba yenye watoto wa masomo inajua jambo hilo. Jumapili mtoto alicheza mchana kutwa, jioni akala bugali na sambaza akaomba tena, lakini Jumatatu saa kumi na mbili tumbo linamkaza. Tunampa maji ya moto, tunampa dawa ya minyoo, na tusipoona homa tunasema ni uvivu. Wakati mwingine ni minyoo kweli. Wakati mwingine ni uvivu, tusidanganyane. Lakini tumbo linalouma siku za masomo tu, na linalopona lenyewe kila Jumamosi, linastahili kuulizwa vizuri.

Wiki hii tunaongea juu ya watoto wanaoonewa na wenzao masomoni. Ugomvi wa kawaida tunauacha pembeni. Watoto wawili wakigombania mpira, wakapigana, na kesho wakacheza pamoja, hapo hapahitaji mama kuvaa kitenge na kushuka masomoni. Uonevu unajulikana kwa kurudia, na kwa sababu anayeufanya ana nguvu kuliko anayefanyiwa. Nguvu hiyo inaweza kuwa ya mikono, ya umri, ya wingi wa marafiki, au ya viatu vipya tu. Mtoto akinyang'anywa biki mara moja, huo ni wizi mdogo. Akinyang'anywa kila siku mpaka ajizoeze kuitoa mwenyewe kabla hajaombwa, hilo ni jambo lingine.

Katika kikundi chetu cha likelemba kuna mama anayeuza makala huku Kadutu. Ametupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata binti yake, bila kutaja jina lake wala la masomo. Mtoto yuko mwaka wa nne. Alikuwa na miaka kumi alipoanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloacha zamani. Halafu ikaja homa, na maumivu kila anapokwenda haja ndogo. Kwenye kituo cha afya walipima mkojo, wakaona maambukizo, wakaandika dawa. Akapona. Baada ya miezi miwili ugonjwa ukarudi vilevile.

Mara hiyo muuguzi, mama mtu mzima, hakuandika dawa haraka. Alimgeukia mtoto akamwuliza: "Mama yangu, masomoni unaenda chooni mara ngapi?" Mtoto akatazama chini. "Siendi." Tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, na njia yote ya kurudi, alikuwa anajizuia. Hata chai ya asubuhi alikuwa anaiacha, na maji pia, ili haja isimshike. Muuguzi alimweleza mama kwamba mtoto asipokunywa maji na akishikilia mkojo saa nyingi namna hiyo, vijidudu vinapata nafasi ya kuzaana, na dawa peke yake haitatosha. Ilibaki kujua kwa nini haendi.

Mama huyo hakumwuliza njiani, mbele ya watu. Alisubiri Jumamosi, siku ya kumsuka. Wamama mnajua namna mtoto anavyokaa wakati wa kusukwa: yuko chini katikati ya magoti yetu, ametupa mgongo, haoni uso wetu nasi hatuoni wake. Hana pa kukimbilia, lakini pia hana macho yanayomchunguza. Mama alianza kwa kuuliza choo cha masomo kiko upande gani, kina milango mingapi, wasichana wanaenda na nani. Kwenye mstari wa tatu wa nywele mtoto akaanza kusema.

Chooni husimama msichana mkubwa wa mwaka wa sita na wenzake watatu. Mlango hauna kifungio. Anayetaka kuingia anatoa franka 500 zake za mandazi. Asiye nazo anaingia, kisha wanausukuma mlango wote pamoja na kucheka. Yeye wamemtungia na jina: Mama Makala. Wanamwambia asiingie kwa sababu atachafua choo. Jina limekuwa wimbo, na wimbo umefika hadi kwenye mstari wa asubuhi kabla ya kuingia darasani.

Mama akamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Jibu la mtoto ndilo lililotufanya tuandike safu hii. Alisema: "Wanacheka juu ya makala yako, mama. Niliogopa utalia. Ama utaacha kuuza, halafu yaya atakosa minervali."

Tunaposema watoto wanaficha, mara nyingi tunafikiri wanaogopa fimbo, au wanamwogopa yule anayewaonea. Hofu hizo zipo. Lakini tumeuliza wamama wengi katika vikundi vyetu, na tunasikia jambo hili likirudi: mtoto ananyamaza ili kutulinda sisi. Watoto wanapotafuta neno la kumchoma mwenzao, hawaendi mbali, wanachukua nyumba yake. Wanachukua kazi ya mama, papa asiyeonekana, paa la maturubai, inifomu iliyopauka, namna familia inavyosema Kiswahili. Mtoto analipokea tusi ambalo kweli linatuhusu sisi, na anaona kwamba akilileta nyumbani litatupiga na sisi. Basi analimeza. Ana miaka kumi na tayari anafanya kazi ya mtu mzima, ya kulinda heshima ya mama yake, na hakuna anayejua kwamba anaifanya.

Kwa hiyo maongezi na mtoto hayaanzi siku ya shida. Yanaanza kwa kumwonyesha, tena bila sababu yoyote, kwamba sisi tunaweza kusikia. Tukiwa tunasimulia namna mteja alivyotutukana sokoni na sisi tukaendelea kuuza, mtoto anasikiliza, anapima. Tukilia kwa kila neno la jirani, anapima pia.

Yule mama alimjibu binti yake hivi, na tunayaleta maneno yake kama alivyotusimulia: "Makala ni kazi yangu na si siri, hata nyumbani kwao wanapika nayo. Jina hilo haliwezi kunivunja. Kunilinda mimi si kazi yako, mama yangu, hiyo niachie mwenyewe." Na mikono yake haikusimama. Aliendelea kusuka. Kama angetupa kitana na kusimama, anatuambia, mtoto angefunga mdomo, na mengine yote asingeyajua mpaka leo.

Si kila mtoto anasukwa nywele, tunajua. Mvulana wa miaka kumi na mbili ukimkalisha mbele yako na kusema "leo tuongee," atakujibu "hakuna kitu" na macho yatakuwa mlangoni. Huyo mchukue mkachote maji pamoja, au akusaidie kubeba mzigo kutoka soko. Wavulana wanasema wakiwa wanatembea, na giza linasaidia, umeme ukikatika wanasema mengi. Wengine wanasema wakati wa kutwanga sombe, kwa sababu kinu kinapiga kelele na wadogo zao hawasikii. Wakati mbaya kuliko yote ni ule anaporudi tu, nyumba imejaa watu na sahani inagombaniwa.

Maswali nayo yana namna yake. "Nani anakuonea?" ni swali la polisi. Uliza rekreasio wanacheza wapi, nani hukaa peke yake, nani hucheka sana, mtoto gani mwalimu hamwoni. Mtoto ataanza kusema juu ya mwingine, na mara nyingi yule mwingine ni yeye mwenyewe. Mwache amalize. Akinyamaza katikati, usimjazie maneno.

Kuna majibu matatu tunayoyatoa haraka na ambayo yanafunga mlango. La kwanza, "wewe ulimfanya nini?" Linamfanya mshitakiwa. La pili, "achana nao." Kama angeweza kuachana nao asingekuwa anashikilia mkojo. La tatu ni lile ambalo wapapa wanalipenda, nao wasome hapa: "akikupiga, na wewe piga." Tunaelewa linatoka wapi. Hakuna mzazi anayetaka mtoto mnyonge. Lakini tuhesabu pamoja: msichana wa mwaka wa nne, peke yake, mbele ya wanne wa mwaka wa sita, chooni, bila mtu mzima. Atampiga nani? Na hata akipiga, mwalimu anayefika mwisho atamwona yule aliyepiga mwisho, na adhabu itakuwa yake.

Kujitetea anaweza kufundishwa kwa njia nyingine. Afundishwe kusema neno moja fupi kwa sauti kubwa, "Acha!", bila kulia na bila kutukana, kisha aende mahali palipo na watu. Mlifanyie mazoezi nyumbani, hata mkicheka. Apangiwe rafiki mmoja wa kwenda naye chooni na mmoja wa kurudi naye njiani. Na afundishwe tofauti ya kuchongea na kuomba msaada, kwa sababu watoto wengi wananyamaza wasije wakaitwa wachongezi. Kuchongea ni kusema ili mwenzako apate adhabu. Kuomba msaada ni kusema ili mtu apone, hata kama mtu huyo ni wewe. Watoto wanaielewa tofauti hiyo upesi kuliko sisi.

Halafu kuna kwenda masomoni. Mwulize mtoto kwanza: tumwambie nani, na tukimwambia unafikiri kitatokea nini? Yeye anawajua watu wa pale. Hatusemi mtoto ndiye aamue kila kitu. Kama kuna kipigo, au kuguswa mwili kwa namna ya aibu, tunakwenda siku hiyohiyo apende asipende. Lakini asikute tu mama yake langoni anapiga makelele, kitenge kimefungwa kiunoni, anatafuta mtoto wa watu ampige kofi. Mambo hayo tumeyaona, na kesho yake wimbo unakuwa na ubeti mpya.

Mwalimu naye tumfikirie. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure katika masomo ya serikali, mwezi wa 9 mwaka 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani, na tunashukuru. Lakini madarasa yamejaa kupita kiasi, madawati ni yaleyale, na mwalimu mmoja hawezi kuona kinachotokea nyuma ya ukuta. Ndiyo maana inafaa kufika mikononi na habari kamili: siku gani, mahali gani, saa gani, nani alikuwepo. Andikeni katika daftari. Asiyejua kuandika, kikundi kina mtu wa kuandika hesabu za likelemba, huyo amsaidie.

Mama wetu wa makala alikwenda baada ya masomo kumwona mwalimu wa darasa. Mwalimu alisikia vizuri, lakini kesho yake akawaita wasichana wote wawili mbele ya darasa, akawaamuru wakumbatiane na kusameheana. Walikumbatiana. Saa sita na nusu wimbo ukaanza tena, safari hii njiani, mbali na masomo. Tunaomba walimu wanaotusoma wasitumie dawa hiyo. Kusuluhisha kunafaa kwa watu wawili waliogombana. Mtoto aliyekuwa analipishwa ili aende chooni hakuwa amegombana na mtu.

Akarudi tena, safari hii na mama mwenzetu mmoja aliye katika kamati ya wazazi, wakaingia kwa direkta. Hawakuomba msichana yule afukuzwe. Waliomba kifungio kwenye mlango, waliomba mwalimu mmoja asimame upande ule wakati wa rekreasio, na waliomba wadogo watangulie kwenda chooni kabla ya wakubwa kutoka. Kifungio kilichelewa karibu mwezi mzima, mpaka wazazi wenyewe walipochanga wakanunua. Yale mengine mawili yalianza wiki ileile.

Na yule msichana mkubwa? Hapa ndipo vikundi vyetu vinaweza kufanya kazi ambayo direkta hawezi. Mmoja wetu alikuwa anamjua shangazi anayeishi naye. Wamama wawili walikwenda jioni, kwa upole, wakapiga hodi kama watu wanaokuja kusalimia. Walikuta kwamba mtoto yule anatoka nyumbani kila asubuhi bila kula, anachota maji ya nyumba nzima kabla ya masomo, na hapewi hata franka 100. Zile 500 alizokuwa anawanyang'anya wadogo alikuwa ananunua mandazi. Hilo halifuti alilofanya, na tulimwambia hivyo shangazi, naye hakufurahi kutuona. Lakini sasa mtoto anakunywa uji asubuhi. Kutoza watoto kumekwisha. Jina la Mama Makala bado linasikika mara mojamoja, hatuwezi kuwadanganya, ila binti yetu anakunywa chai yake asubuhi na haja ndogo haimuumi tena.

Kuna maneno ambayo watoto hawakuyatunga wenyewe. Tukikaa uani na kusema "hawa wakimbizi wamejaza kartiye," mtoto wetu aliyekaa pembeni anajifunza, na kesho ana neno tayari kwa mwenzake aliyekimbia vita, aliyefika darasani katikati ya mwaka na daftari moja. Mtoto huyo ameacha nyumba, pengine ameacha na watu. Hana yaya wa kumtetea wala rafiki wa zamani. Tukicheka namna watu wa mahali fulani wanavyotamka Kiswahili, mtoto wetu atacheka pia, lakini yeye atacheka mbele ya yule mtu. Si lazima tutoe hotuba nyumbani. Inatosha kuchunga midomo yetu wakati wa kuchambua mboga.

Kuna neno moja tunalitenga na mengine: mulozi. Watoto wakimwita mwenzao mulozi kwa sababu ni yatima, ana kifafa, au anakojoa kitandani, tusiseme ni mchezo. Neno hilo limetupa watoto wengi barabarani katika inchi yetu. Katiba ya 2006 inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu mtu anayefanya hivyo kwa kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini. Mtu mzima akilirudia neno la watoto, awe jirani, mwalimu au mtu wa maombi, sheria hiyo inamhusu. Tuwaambie wazi.

Itakuwaje ukiitwa masomoni na kuambiwa kwamba anayeonea wengine ni wako? Mama wa kwanza anakataa, "wangu hawezi." Mama wa pili anachukua fimbo. Yule anayekataa anamwacha mtoto aendelee, na yule wa fimbo anamfundisha kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga, somo ambalo mtoto alikuwa analijua tayari. Mkalishe, mwambie uliyosikia, umwache aseme. Kisha arudishe: biki kwa biki, franka kwa franka, mkononi mwa mwenyewe, wewe ukiwa umesimama karibu. Kama amevunja, afanye kazi ya nyumbani hadi pesa itoshe. Na umtazame vizuri, je, kuna anayemfanyia hivyohivyo mahali fulani? Mara nyingi yupo, na mara nyingine anaishi ndani ya nyumba.

Kwa watoto wa sekondari jambo limeingia ndani ya simu. Picha inapigwa, inaandikwa maneno, inapita kwenye vikundi vya WhatsApp kabla mtoto hajafika nyumbani. Picha hiyo msiifute upesi. Ihifadhini ili prefe aione, kisha mtoto atoke katika kikundi hicho. Kumnyang'anya simu mtoto aliyetukanwa ni kumwadhibu yeye.

Na mtoto akisema amechoka kuishi, au anataka kulala asiamke, tusimwambie ni maneno ya kitoto. Asiachwe peke yake usiku huo. Dawa za nyumba na vitu vya hatari viwekwe mbali. Asubuhi apelekwe kwa watu wa afya. Hapa Bukavu wengine wanaogopa hata kutaja SOSAME, wakidhani ni mahali pa wenda wazimu tu. Kituo cha afya cha kartiye kinaweza kuanza, nao watawaelekeza.

Mikutano ya wazazi inapoitishwa, sisi wamama ndio tunaojaza viti, na mazungumzo yote huwa juu ya pesa. Safari hii kabla ya kukaa, zungukeni kwanza nyuma ya jengo. Angalieni choo cha wasichana: kina mlango? Mlango una kifungio cha ndani? Nani anasimama karibu saa ya rekreasio? Kifungio kinauzwa sokoni Kadutu, na fundi anakitia kwa dakika chache.